Ulimi wa Digidigi

Mwaka ambao mvua iligoma, kila mwenye miguu alikimbilia bondeni, kwa sababu huko ndiko kulikobaki kisima chenye maji, na kando yake mchunga ulikuwa bado umeota. Mchunga ni mboga chungu, hilo halina ubishi, lakini ukiuchemsha vizuri ukauunga kwa karanga unalika. Simba, mfalme wao, akaamuru ipikwe sufuria moja kwa wote. Asiyekula na wenzake, alisema, asinywe na wenzake. Msiniulize simba alianza lini kula mboga. Mwaka ule aliyeuliza maswali ya namna hiyo hakubakishiwa kitu.

Mboga ile ilimtesa Digidigi kuliko wote. Ndivyo alivyozaliwa: chembe ya uchungu ambayo wengine hata hawaisikii, yeye ilimtoa machozi. Lakini alikuwa na mtoto anayenyonya, na asipokula, maziwa yangekauka. Kwa hiyo alikula huku analia, na wenzake wakapata kichekesho.

"Mleteeni bibi harusi asali!" Nyani alikuwa akipiga kelele kila siku.

Fisi alikuwa kinyume chake kabisa. Ulimi wake haukujua uchungu ni nini. Ungempa majani ya mwarobaini angeyamaliza, kisha akuulize kama yamebaki mengine.

Mpishi alikuwa Kobe, mpaka siku moja aliposhikwa na mgongo. Hapo Fisi akajitokeza, mkono kifuani.

"Nipeni mwiko, ndugu zangu," alisema. "Kuwahudumia ninyi ndiyo furaha yangu."

Hapo hapo wangepaswa kumshuku. Tangu lini Fisi akafurahia kitu kisichomezeka?

Tangu alipoushika mwiko, mboga haikulika tena. Kila mmoja alimeza matonge mawili matatu, akajipangusa mdomo, akasema ameshiba. Simba alitupa macho huku na huku kuona nani anamtazama, akameza bila kutafuna, akasema, "Tamu." Mfalme hakunji uso mbele ya raia wake. Na mfalme akishasema tamu, nani atabisha? Nyani akasema tamu. Sungura, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, akasema tamu sana. Wakaenda kulala na njaa yao, na Fisi akabaki na sufuria karibu nzima, akaila mpaka ukoko. Wenzake walikonda, yeye akaota mashavu.

Digidigi ndiye aliyesema.

"Mfalme, huu si uchungu wa mchunga. Uchungu wa mchunga unachoma ncha ya ulimi, kisha unapita. Huu unang'ang'ania kooni. Huu ni mshubiri, ule wa miiba unaovuja utomvu wa njano. Ule tunaowapa waliofunga choo."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Jana alilia kwa karanga," alisema Fisi. "Juzi alilia kwa maji. Leo anamlilia mpishi. Mfalme, huyu anakisusa chakula ambacho wewe mwenyewe umesema ni kitamu."

Hilo la mwisho lilimgusa Simba pabaya.

"Kesho, kabla ya chakula, utaondoka na mwanao," alisema. "Kisima hiki usikisogelee tena."

Digidigi alimtazama mwanawe. Kutoka pale mpaka milimani hapakuwa na tone la maji, na mtoto yule asingefika. Akamsogeza karibu, akaingia naye kichakani.

Jioni ile Sungura alimfuata kichakani. Msidhani ni huruma tupu. Tumbo lake nalo lilikuwa linanguruma.

"Dada Digidigi, una hakika na ulichosema?"

"Ulimi huu umenitesa tangu nizaliwe," alijibu Digidigi. "Haujanidanganya hata siku moja."

"Basi hapo pana mkono wa mtu," alisema Sungura, masikio yakisimama. "Na siku hizi nani ananawa? Maji ni ya kunywa tu, mikono tunasugua kwa mchanga. Niambie, utomvu wa mshubiri unatoka kwa mchanga?"

"Hautoki ng'o."

"Lala salama, dada yangu."

Asubuhi wote walikusanyika. Fisi alikuja mbio kutoka jikoni, akasugua mikono kwa mchanga, kisha, kwa usafi zaidi, akalamba kidole kimoja kimoja. Hakusikia kitu. Akaridhika.

"Mfalme," alisema Sungura, "anayeondoka ana haki yake. Desturi yetu ni mpishi kumlisha tonge la kuagana kwa mkono wake mwenyewe, asiondoke na kinyongo. Nimesonga ugali mtupu wa mtama, bila mboga, ili asije akapata cha kulalamikia."

"Kwa moyo mmoja!" alisema Fisi. Akamega tonge, akamtia Digidigi mdomoni.

Machozi yakamtoka palepale.

"Ni ule ule," alisema Digidigi. "Wa kooni. Na leo umezidi."

"Mnaona?" Fisi aliangua kicheko. "Hata ugali mtupu anaulilia!"

"Hapo ndipo naona haya mimi," alisema Sungura, akiinamisha kichwa. "Mtama huu umetoka ghalani mwako, Mfalme. Kumbe mtama wa mfalme ni mchungu."

"Ghala langu?" Simba alinguruma. Akamega mwenyewe, akatafuna. "Mtamu!" alisema, na safari hii alikuwa anasema kweli.

"Basi apokee na mfalme kutoka mkononi mwa mpishi, tumalize ubishi," alisema Sungura.

Fisi angeogopa nini? Vidole vyake alikuwa ameshavilamba. Akafinyanga tonge nene, akamlisha mfalme kwa heshima zote.

Jicho moja la Simba likajifunga. Masharubu yakamtetemeka, uso wote ukajikunja kuelekea puani, na ulimi ukamtoka nje mbele ya raia wake wote. Nyani alianguka chini kwa kicheko, kisha akakumbuka ni mfalme, akajifanya anakohoa.

"Ugali ni ule ule," alisema Sungura. "Kilichobadilika ni mkono."

Simba alimkamata Fisi kiganja, akakigeuza. Chini ya kucha palikuwa na rangi ya njano.

"Haiwezekani!" Fisi alilia. "Nimevilamba vyote hivi! Mbona sikusikia kitu?"

Hapo hakuhitajika shahidi mwingine. Simba aliinua mkono amrarue, lakini Digidigi akaita.

"Usimwue, Mfalme. Mpe tu sufuria ya leo. Aimalize yote, hapa hapa, tukimtazama."

Fisi hakuamini bahati yake.

"Adhabu ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu," alisema Digidigi, akijifuta machozi.

Sasa, asubuhi ile Fisi alikuwa amekamulia mshubiri mara mbili ya kawaida, ili siku ya kuagana abaki na sufuria nzima. Akaimaliza. Akakwangua ukoko, akalamba mwiko, akawashukuru. Ulimi haukumwambia kitu. Jua halijafika utosini, tumbo likamweleza yote. Akakimbilia kichakani, akarudi, akakimbia tena bila kuaga, na kila aliporudi alikuwa amezidi kuinama nyuma. Mpaka leo hajanyooka, mtazame anavyotembea.

Digidigi alibaki kisimani na mwanawe, na maziwa hayakukauka. Kobe alirudishiwa mwiko, lakini sufuria haikutoka jikoni kabla Digidigi hajaionja. Alama za machozi bado anazo chini ya macho, na bondeni hakuna tena anayemwita bibi harusi.

Na ukikutana na Fisi, muulize mboga ya siku ile ilikuwaje. Atakuambia ilikuwa tamu.