Aliyefika Kwanza Hajafika

Aliyefika kwanza hajafika. Ndivyo wasemavyo watu wa Bukolwa, na ndivyo alivyosema Mzee Mafuru siku ile vijana walipotoka majini wakishindana kuogelea, na mmoja wao akajipiga kifua kwamba yeye ndiye wa kwanza kugusa ufuko. Vijana wakaguna. Mtu aliyefika atakuwaje hajafika? Huo ni msemo au ni kitendawili? Mzee alikuwa akimenya kiazi kitamu cha kuchoma, naye hakuwa mtu wa kukatisha kiazi kwa sababu ya swali. Akatafuna, akameza, akapangusa mikono.

"Mkitaka kujua msemo huu ulikozaliwa, kaeni," akasema. "Na mwenye swali angoje mwisho. Mimi nikikatizwa huanza upya."

Basi msemo ulizaliwa hivi.

Zamani, mtama ukishavunwa na ziwa likatulia, Bukolwa ilikuwa na Siku ya Jiwe. Siku hiyo hakuna aliyevua. Nyavu zilianikwa, samaki wakaachwa wapumue. Watoto walipiga mbizi wakitafuta kokoto nyeupe chini ya maji, wazee walicheza bao wakitukanana kwa heshima, na wengine walikaa tu kuwatazama mnandi wakizama hapa na kuibukia kule, wakibishana ndege atatokea wapi. Wanaume ndio waliopika. Ndiyo, wanaume! Walisonga ugali wa muhogo, wakachemsha sato waliovuliwa jana yake, wakaunguza vyote viwili, na mwaka mzima wakasimulia jinsi walivyopika vizuri.

Wanawake nao walikwenda ziwani. Walishindana kupiga makafi kutoka ufukoni hadi Jiwe la Ngoma, mwamba mkubwa ulio peke yake nje ya ghuba. Asubuhi wanaume walipeleka ngoma juu ya mwamba ule wakaiacha. Mwanamke atakayeipiga kwanza ndiye mshindi. Kila mmoja alikuwa na mdundo wake, na watu wa ufukoni waliusikia wakamjua mpigaji kabla hawajamwona. Jioni jina lake liliimbwa kijiji kizima.

Jina hilo ndilo alilolitaka Ghati.

Ghati alikuwa ametoka milima ya Tarime, mbali na maji, akaolewa na Bwire wa Bukolwa. Alifika hajui hata kuosha miguu ziwani bila kushika jani. Sasa alikuwa na watoto wa kukimbia, shamba lake lilikuwa safi kuliko mashamba ya jirani, lakini watu walikuwa bado wakimwita Mgeni. Mgeni, niazime kinu. Mgeni, mumeo yuko wapi? Hawakuwa na ubaya, ni mazoea tu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ghati jembe alikwisha kupewa zamani, jina ndilo lililobaki. Na kila alipoitwa hivyo, kitu kilimchoma moyoni, akacheka ili kisionekane.

Aliyemwita Mgeni kuliko wote ni wifi yake, Nyafuru, dada wa Bwire. Nyafuru alikuwa fundi wa kafi na fundi wa maneno. Miaka yote mashindano yalikuwa ya wanawake wawili wawili katika mtumbwi mmoja, na Nyafuru alikuwa ameshinda mara nyingi, kila mara na mwenzake mwingine, maana hakuna aliyeweza kumvumilia mara mbili. Mwaka wa kisa hiki mwenzake wa mwisho alisema hadharani kwamba nguvu za ushindi zilikuwa zake, Nyafuru alikuwa akipiga mdomo tu. Ugomvi ukawa mkubwa. Ndipo wanawake wakaamua: mwaka huu kila mtu na mtumbwi wake, peke yake, tuone mwanamke ni nani.

Wote wakakubali. Wote, hata wazee. Wakajadili nani aanzie wapi, na mtumbwi uwe wa urefu gani, na mjamzito apewe nafasi ipi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza jambo lingine lolote.

Ghati aliposikia, damu ilimchangamka. Peke yake! Hakuna aliyewahi kumchagua awe mwenzake, lakini kwa peke yake hahitaji kuchaguliwa. Na kafi alikuwa amejifunza kimyakimya, kwa kwenda kuokota kuni ng'ambo ya hori, ule mkono mdogo wa ziwa, na kurudi na mzigo. Akamwendea mama mkwe wake, akapiga magoti, akaomba mtumbwi wa marehemu baba mkwe.

Mama mkwe alitazama ufukoni ulikolala mtumbwi. Mtumbwi ule mumewe aliuchonga kwa mikono yake, na tangu afe hakuna aliyeupanda.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Lakini ukipasuka, umenizikia mume mara ya pili."

"Nimesikia, mama."

Siku ikafika. Mitumbwi ikajipanga, vigelegele vikapigwa, makafi yakaingia majini. Nyafuru alitangulia akiimba. Ghati hakuimba. Alivuta kama avutavyo mtu mwenye mzigo wa kuni, pole pole na kwa nguvu, na katikati ya safari alimpita wifi yake.

"We Mgeni, unakwenda wapi?" Nyafuru akapaza sauti, nusu kwa mzaha, nusu kwa mshangao.

Ghati hakugeuka. Mwamba ulikuwa unakua mbele yake. Aliiona ngoma kule juu, ngozi yake ikimeremeta juani. Moyo wake uliruka kwa furaha. Akafika. Akanyoosha mkono ashike mwamba, na wimbi likamrudisha.

Akajaribu tena. Upande ule ziwa ni wazi, na hata siku tulivu mawimbi huupiga mwamba bila kupumzika. Ukingo wake ulikuwa umeota ukoga, unateleza. Akishika kafi, hana mkono wa kushika jiwe. Akishika jiwe, mtumbwi unageuka ubavu na kwenda kugonga. Akarudi nyuma, akajiuliza: wenzangu hushukaje hapa? Akawaza. Mmoja huuzuia mtumbwi kwa kafi, mwingine huruka na kamba akaifunga kwenye nundu ya jiwe. Ndiyo! Wawili. Watu wa Bukolwa walikuwa wameshuka pale kwa wawili tangu zama za mababu, hata wakasahau kwamba kushuka kunahitaji wawili.

Angeweza kuruka. Hilo alilijua vizuri. Aruke, aache mtumbwi, apande, apige ngoma, na jina lake litaimbwa usiku kucha. Lakini mtumbwi ungebaki pale chini ukipigwa jiweni mpaka upasuke. Akausogeza karibu kidogo, kujaribu tu, na ncha ya mbele ikagusa mwamba ikalia. Ghati akahisi kama aliyegongwa ni yeye. Akarudi nyuma, akaanza kuzunguka mwamba. Machozi yalimtoka kwa hasira, maana ushindi ulikuwa palepale juu ya kichwa chake.

Kule ufukoni wanaume waliacha vyungu, wakakinga macho kwa viganja.

"Yule anafanya nini?" mmoja akauliza. "Mbona anazunguka?"

"Labda anavua," mwingine akasema.

"Siku ya Jiwe?"

Ugali ukaungua wakitazama.

Nyafuru akafika. Akamwona wifi yake akizunguka, akacheka sana, akaelekeza mtumbwi wake mwambani. Wimbi likamrudisha. Akajaribu tena, likamrudisha. Kicheko kikaisha. Sasa wakawa wawili wanazunguka.

"Shika mtumbwi wangu niruke," Nyafuru akasema.

"Nao wangu ataushika nani?"

"Nitakurudia nikishapiga ngoma."

"Shika wewe wangu, niruke mimi. Nitakurudia nikishapiga ngoma."

Wakatazamana. Hakuna aliyemwamini mwenzake hata chembe. Wakazunguka tena. Kwa mbali wanawake wengine walikuwa wanakuja, na upepo ulianza kuamka. Ghati alitazama ncha ya mbele ya mtumbwi wa baba mkwe, akatazama ngoma. Kisha akausogeza mtumbwi wake ubavuni mwa ule wa wifi yake, akaushika ukingo, akakaza kafi dhidi ya mwamba.

"Ruka," akasema. Neno hilo lilimtoka kwa shida.

Nyafuru hakungoja kubembelezwa. Akaruka na kamba yake, akateleza, akasimama, akaifunga kwenye nundu. Ngoma ilikuwa hatua chache juu yake, na fimbo ya kupigia iko palepale. Akapanda, akaishika fimbo. Hapo wimbi kubwa likaja likaiinua mitumbwi yote miwili. Ghati akajitupa katikati, akaizuia kwa kafi, kwa mkono, kwa goti, mpaka goti likachunika. Nyafuru aligeuka akaona. Akatupa fimbo, akashuka akikimbia.

"Ghati!" akapiga kelele. "Ghati, nitupie kamba!"

Ghati akatupa kamba. Nyafuru akaidaka, akavuta, akafunga. Hakujua hata amesema nini. Lakini aliyeitwa alisikia.

Ghati akaruka jiweni, na kabla hawajapumua, mitumbwi mingine ikawasili, na kila mmoja anarudishwa na wimbi, kila mmoja anaomba kamba yake ipokewe. Mawifi wawili wakawa wanapokea na kufunga, wanapokea na kufunga, mpaka ngoma wakaisahau. Wa mwisho kabisa alikuwa mama mkwe, aliyekuja na mtumbwi wa kuazima. Walipomvuta juu, hakuwasalimu. Alikwenda kwanza kupapasa mtumbwi wa mumewe. Akakuta mkwaruzo, hakuna ufa. Akamtazama Ghati gotini, akashusha pumzi.

"Sasa, nani kafika kwanza?" akauliza.

"Ghati, mama," akasema Nyafuru. "Lakini hakushuka mpaka nilipofika mimi."

"Na wewe ukashuka?"

"Nisingeshuka bila yeye."

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe! Aliyefika kwanza hajafika," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeikumbuka ngoma, akapanda, akaokota fimbo akapiga mdundo wake mwenyewe. Kule ufukoni wanaume wakashika vichwa. Bibi kizee kawashinda wote! Jioni jina lake likaimbwa hadi watu wakapoteza sauti.

Ghati aliimba kuliko wote. Jina lake yeye alikuwa amekwisha kulisikia, limeitwa mara mbili, juu ya maji, na mtu aliyekuwa na haraka. Kesho yake asubuhi Nyafuru alisimama mlangoni akaita, "Ghati, niazime kinu," naye akatoka mbio na kinu.

Ndipo watu wa Bukolwa wakaanza kusema, na mpaka leo wanasema: aliyefika kwanza hajafika.