Mplamu Hauzai kwa Sare

"Mplamu hauzai kwa sare," alisema Bibi Mwajabu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage.

Wajukuu wake wawili, Nuru na Hidaya, wakamgeukia. Tangu asubuhi walikuwa wakipanga kufungua saluni, kila mmoja yake, mlango kwa mlango, rangi moja, misuko ileile.

"Sasa mplamu na nywele wapi na wapi, Bibi?" aliuliza Hidaya.

"Chambueni maharage, mikono isikae bure. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu."

Huko Kwemhelo, katika milima ya Usambara, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, waliolewa wanawake wawili katika msimu mmoja. Asina alitoka mlima wa pili tu. Mwantumu aliletwa kutoka bondeni, kwenye joto na mashamba ya mkonge. Nyumba zao zilitenganishwa na njia ya miguu.

Mwantumu hakuwa na ndugu pale. Baridi ilimtisha, Kisambaa kilimpiga chenga, na mama mkwe wake alikuwa mtu wa maneno machache, yote makali. Asina ndiye aliyemfundisha kuwasha kuni mbichi. Asina ndiye aliyemchekesha hata akasahau kulia. Bila yeye, Mwantumu angekuwa amefunga virago siku nyingi.

Wakashibana. Kanga walinunua doti moja, wakaikata katikati, huyu kipande na huyu kipande. Harusini sare, msibani sare, sokoni sare. Watu wakawapa jina moja, Doti. "Doti wamepita?" "Wamepita, wanacheka kama kawaida yao."

Basi walipoamua kupanda miplamu nyumbani, walikwenda pamoja kwenye kitalu cha Mama Mbelwa. Mwantumu alitembea taratibu kati ya viriba vya miche, umande ukimlowesha pindo, akijiona kama mtu anayechagua mtoto. Kulikuwa na plamu za aina mbili. Moja kubwa, nyekundu, tamu mpaka kwenye kokwa. Nyingine ndogo, ya njano, yenye ugwadu wa kukunja uso.

"Mmoja achukue nyekundu, mwingine njano, muwe mnaonjeshana," alisema Mama Mbelwa, ambaye miche ya njano ilikuwa inamdodea.

"Ugwadu umpe mumeo!" Asina alimjibu. "Sisi tupe nyekundu mbili. Tena za mama mmoja."

Wakapewa miche miwili iliyobebeshwa vikonyo, vijitawi vya kupachikwa, vya mti mmoja. Wakachimba mashimo asubuhi moja, wakapima kina kwa mpini mmoja wa jembe, wakachanganya samadi ya mbuzi na udongo wa juu, wakaacha kovu la kubebeshea juu ya ardhi kama walivyoagizwa. Walipomaliza, kila mmoja aliumwagilia mti wa mwenzake.

Miti ikakua. Ulipofika umri wa kuzaa, baridi ilipoanza kuondoka, ikachanua yote miwili siku moja. Mwantumu alifungua mlango alfajiri akadhani ukungu umenasa matawini. Maua yalikuwa meupe, bila jani hata moja, na nyuki walivuma humo kwa sauti ya mtu anayeimba na mdomo umefumbwa. Alisimama njiani kati ya miti miwili, hajui yuko wapi, duniani au ndotoni. Petali zilimwangukia kichwani. Akawa anafanya hivyo kila alfajiri, akitazama wake kidogo, na wa Asina kidogo.

Petali zikaisha, halafu hakuna kitu. Hata plamu moja.

Mwaka uliofuata ukawa vilevile. Wakatia jivu, wakatia samadi, wakapogoa. Maua yakaja kama harusi, yakaondoka kama wageni walionyimwa chakula. Watu wakaanza kuuliza, na mtu akiulizwa sana hutafuta wa kumlaumu.

Siku moja Mwantumu alikwenda kisimani akamkuta Asina amevaa kanga mpya. Akatabasamu, akingoja kupewa kipande chake. Asina akageuka kuinua ndoo, na maandishi yakaonekana mgongoni: JICHO LA KIJICHO HALISHIBI.

Wanawake waliokuwepo walisoma, kisha wakamtazama Mwantumu.

"Asina, hiyo umemvalia nani?"

"Nimemvalia anayeamka alfajiri kuusimamia mti wangu," alisema Asina. "Wake haukuzaa, basi na wangu usizae."

Mwantumu alirudi na ndoo tupu. Siku hiyo mlima ulikuwa mpana mno kwake. Kilichomuuma si tusi. Kilichomuuma ni kwamba kipande cha pili cha kanga ile kilikuwa mahali fulani, kimekunjwa, na hakikuwa chake.

Hakununua kanga ya kujibu. Alikwenda kwa Mama Mbelwa.

"Nataka vikonyo vya njano."

"Vile vyenye ugwadu? Havitakiwi na mtu, mwanangu."

"Ndiyo maana navitaka."

Baridi ilipokuwa bado kali na mti umelala, alikata matawi yake ya plamu nyekundu kwa msumeno, akabaki na visiki vya urefu wa mkono. Tawi moja tu la chini aliliacha, kwa sababu Mama Mbelwa alimwambia mti usiachwe uchi, utakufa. Akapasua visiki, akachomeka vikonyo vya njano, akafunga kwa mpira, akaziba kwa udongo. Asina alimtazama kutoka mlangoni kwake. Kisha akafunga mlango.

Wakaishi hivyo, njia ya miguu katikati, pana kuliko mto. Mwantumu akajifunza kucheka peke yake, akaona hakuna ladha.

Vikonyo vikashika, vikarefuka. Msimu wa pili vikachanua. Alfajiri ile Mwantumu hakutoka nje, maana aliapa kutousimamia mti wa mtu. Alichungulia dirishani tu. Ng'ambo kulikuwa na wingu jeupe, huku kwake wingu lingine, na kati yake nyuki walikuwa wakivuka njia, wakienda na kurudi, kama watu wa nyumba moja. Petali za Asina zilianguka uani kwake. Hakuzifagia.

Safari hii petali zilipoisha, zikabaki shanga za kijani. Shanga zikanenepa. Kufikia mwezi wa kumi na mbili, mti wa Asina ulilazimika kuwekewa nguzo, na wa Mwantumu ulikuwa njano tupu kama umewashwa taa.

Asina alikuja. Alisimama kwenye ua, hakupiga hodi.

"Umeufanya nini mti wangu?"

"Mti wako sijaugusa tangu nilipoumwagilia siku ya kwanza."

"Basi umeondoa jicho lako."

"Jicho langu hili hapa usoni, Asina. Ingia uone kitu."

Akamshika mkono, akamvuta hadi chini ya mti, akainua lile tawi la chini alilolibakiza. Lilikuwa limeinama kwa plamu nyekundu.

"Hili ni tawi lilelile la zamani," alisema Mwantumu. "Udongo uleule. Jicho lilelile. Miaka yote halikuzaa."

Asina alilitazama tawi, akatazama njano iliyolizunguka, akatazama nyuki mmoja aliyechelewa akivuka njia kuelekea mti wake.

"Kumbe si jicho," alisema.

"Si jicho."

"Mwekundu alikuwa anangoja huyu mwenye ugwadu."

"Tulimpandia pacha wake, nyuki wakamletea vumbi la maua lilelile lake. Pacha atampa nini ambacho hana?"

Asina alichuma plamu ya njano, akaiuma. Uso ulimkunjamana mpaka macho yakatoka machozi, na hata ugwadu ulipokwisha, machozi hayakukoma.

"Nisamehe, shoga yangu. Nilikuvalia kanga mbaya."

"Ulinivalia. Mimi nikakata mti. Kaa chini, kula, na usiteme."

Sikukuu ilipofika, kila mmoja alinunua doti yake, tofauti na ya mwenzake, wakabadilishana kipande kimoja kimoja. Wakatoka juu rangi hii, chini rangi ile. Watu wakacheka: "Doti, leo mbona hamfanani?" Asina akawajibu maneno ambayo mlima mzima uliyadaka, yakashuka hadi bondeni.

Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Nuru alizungusha kidole kwenye ungo mtupu.

"Hidaya," alisema, "wewe si unajua kushona?"

"Najua."

"Basi mimi nisuke bibi harusi, wewe umshonee gauni. Akitoka kwangu aje kwako."

Hidaya alinuna kidogo, kwa sababu rangi ya saluni alikuwa ameshaichagua. Kisha akamtazama bibi yake, akacheka.

"Haya. Mplamu hauzai kwa sare."