Mjomba Mnunuzi wa Mazulia

Mwasiti, mwanafunzi wa Kitanzania mjini Delhi, alikuwa na siku moja tu ya kumtembeza rafiki yake Helena, ambaye usiku angepanda ndege kurudi Dodoma. Lakini Gurmeet, dereva wa bajaji, alikuwa ameshawashusha kwenye maduka mawili ya mazulia, maana wenye maduka humjazia mafuta dereva anayewaletea wageni.

"Hili la tatu ni la shemeji yangu," alisema. "Mtaangalia kidogo tu, dada."

"Kutupeleka sisi ni kazi bure, hatununui," Mwasiti alimjibu. "Mnunuzi ni mjomba wangu. Anatafuta mazulia ya msikiti mzima. Asubuhi hii yuko kwenye kaburi la mfalme Humayun."

Gurmeet aligeuza bajaji pale pale.

Walipotoka kaburini, wameridhika kutazama na kupiga picha, walimkuta Gurmeet amesimama langoni.

"Mjomba yuko wapi?"

"Tumepishana naye, kaka. Sasa atakuwa kwenye mnara wa Qutub."

"Pandeni upesi!"

Njiani Helena alimnong'oneza Mwasiti kwa Kiswahili, "Huyo mjomba wako anaitwa nani?"

"Bado sijampa jina. Acha kwanza tuuone mnara, kisha na Ngome Nyekundu."