Mgeni wa Bi Hidaya

"Uchungu uite uchungu." Mmemsikia Bi Maua akimtupia Sharifa maneno hayo hapo jikoni, Sharifa aliyekuwa akisema tumbo "linamsumbuasumbua tu." Mmecheka, kisha mmeuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yamezaliwa mtaa huuhuu wa Chokaani, na chanzo chake ni hiki. Sogezeni hivyo vitunguu karibu. Mikono imenye, masikio yasikilize.

Ulikuwa mwaka wa maradhi ya kifua, yale yaliyoifunika dunia nzima midomo. Chokaani ilizungushiwa kamba. Hatoki mtu, haingii mtu, ila kwa kibali. Mtaa huu ambao sufuria haikuwahi kuepuliwa bila jirani kuonja, ghafla kila mlango ukawa na komeo. Asubuhi gari la kipaza sauti lilipita kando ya kamba likitangaza: "Ukiona mgeni, toa taarifa! Mgeni mmoja anatosha kuumaliza mtaa!" Watoto wakayageuza wimbo, wakaurukia kamba uani.

Humo aliishi Bi Hidaya na mkaza mwana wake, Zuwena. Mwanawe Nasibu, mume wa Zuwena, alikuwa amekwama bara tangu mabasi yalipositishwa. Zuwena alikuwa mjamzito, na mimba hiyo ilikuwa na historia: mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na hakuishi. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki ya hospitali, Sista Agripina, alimkazia macho Bi Hidaya.

"Mama, huyu hazalii nyumbani, na hasubiri. Uchungu ukianza tu, mleteni. Kile kidonda cha zamani kinaweza kufumuka ndani, tukawapoteza wote wawili. Pangeni leo: nani atawaleta, nani atatoa damu. Zungumzeni na majirani."

Bi Hidaya akaitikia, lakini njia nzima alinuna. Majirani! Yeye alilelewa akijua kwamba uchungu wa uzazi ukitangazwa, haushuki. Kila mdomo unaoutaja unaurefusha. Tena hakuambiwa, aliona. Dada yake aliupata uchungu mtaa mzima ukajaa uani kuuliza, "Bado? Bado?" Siku ya pili akafa nao, mkono wake ndani ya mkono wa Bi Hidaya. Tangu hapo neno lenyewe halikutoka tena kinywani mwake. Akilazimika, alisema kama wakubwa zake walivyosema: mgeni yuko mlangoni.

"Mama, basi tumwambie Shebe mapema," Zuwena alimsihi. Shebe, kijana wa nyumba ya pili, ndiye pekee mtaani mwenye bajaji iliyobandikwa kibali.

"Nitamwambia siku ikifika."

"Na Bi Tausi akiniuliza miezi?"

"Mwambie bado sana."

Bi Tausi alikuwa mama yake Shebe, na siku ya Bi Tausi kutouliza jambo ni siku ya jogoo kutowika. Kila alipochungulia dirishani alijibiwa, "Aa, changa bado, shoga." Akaamini. Nani angelipima tumbo, na hakuna aliyeingia kwa mwenzie?

Basi asubuhi moja Zuwena alikuwa akianika nguo. Bi Hidaya alimwona ameacha nguo, ameshika ukuta kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Hakuuliza. Aliingia ndani, akachukua simu.

"Shebe mwanangu, leta bajaji. Mgeni yuko mlangoni."

"Mgeni?"

"Ndiyo. Upesi."

"Bi Hidaya! Na utu uzima wako wote! Mgeni msimu huu? Usimfungulie!"

"Nisimfungulie vipi, na yeye hangoji ruhusa yangu?"

"Anatumia nguvu? Basi jifungieni ndani! Naita kamati!"

Simu ikakatika. Bi Hidaya akaitazama kama iliyomng'ata. Kamati ya nini? Alipiga tena, inatumika. Akapiga tena, inatumika. Huko Shebe alikuwa akimpigia huyu na yule wa kamati ya mtaa, na mama yake amekaa ubavuni. Habari ikishaingia kwa Bi Tausi haitembei tena, inaruka. Bi Hidaya alipotoka barazani, alisikia madirisha yakifungwa moja baada ya jingine, pa, pa, pa, mpaka mwisho wa uchochoro.

Akaenda mwenyewe hadi kwa Bi Tausi, akagonga.

"Usisogee hapo!" sauti ilitoka nyuma ya dirisha. "Wangapi?"

"Wangapi nini? Mmoja, inshallah."

"Inshallah! Hujui hata idadi? Ametokea wapi?"

"Tausi, hajatokea bado, ndiyo nataka gari!"

"Amevaa barakoa?"

"Barakoa! Atavaa barakoa naye hata nguo hana?"

Ndani Bi Tausi akapiga yowe. "Mnasikia jamani? Yuko uchi! Bi Hidaya kaleta mwendawazimu!"

Bi Hidaya alisimama pale akiwa na hasira zilizochanganyika na woga. Aliamini kabisa kwamba wamemwelewa na kwamba wanamkatalia, kwamba maradhi yamewatoa watu utu. Akarudi mbio kwake. Zuwena alikuwa ameketi sakafuni, jasho linamtiririka, kiganja amekikandamiza chini ya kitovu.

"Mama, hapa panaungua. Palepale pa kisu. Hata ukiachia, hapa hapaachi."

Bi Hidaya akapiga magoti. "Nimewaita, mwanangu. Wamefunga."

"Umewaitaje?"

"Nimewaambia mgeni yuko mlangoni."

Zuwena akafumba macho. Uani kwa jirani watoto walikuwa wakiimba ule wimbo wao, mgeni mmoja, mgeni mmoja. "Mama," alisema taratibu, kwa sababu pumzi zilikuwa chache, "wanadhani ni mtu. Wanadhani umeleta mtu mwenye maradhi. Nenda ukaseme neno lenyewe."

"Nikilitaja litakaa. Wewe hujui. Mimi nimeliona likikaa."

"Na usipolitaja?" Zuwena akamshika ukosi wa gauni, akamvuta mpaka nyuso zikakaribiana. "Mama, usiniache nife kwa adabu."

Maneno hayo yalimwingia Bi Hidaya. Akainuka. Akatoka ukumbini, akapita barazani. Akasimama katikati ya uchochoro, akateremsha barakoa kidevuni. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka kubwa, ya mwanamke anayeibiwa:

"Uchungu! Zuwena ana uchungu! Uchungu wa kuzaa!"

Watoto wakaacha wimbo. Kisha likafunguka dirisha, likafunguka na jingine, na kabla hajarudia, Bi Tausi alishatoka na kanga mbili begani, kiatu mguu mmoja.

"Masikini mie, kumbe ndiye huyo asiye na nguo! Shebe! We Shebe! Wacha hiyo simu, washa chombo!"

Wakambeba Zuwena kwa kanga. Penye kamba askari aliinua mkono. "Mnakwenda wapi? Nani mgonjwa, anaumwa..."

"Uchungu!" Bi Hidaya alimkata kauli kabla hajamaliza, na kamba ikashushwa.

Hospitali walimpokea Zuwena mlangoni wakapita naye moja kwa moja chumba cha upasuaji. Shebe alitoa damu. Bi Hidaya aliketi kwenye benchi akiangalia ule mlango, na ule mlango haukuwa na haraka naye. Mpaka alipokuja Sista Agripina, uso umelowa jasho chini ya barakoa.

"Mtoto wa kike, analia vizuri. Mama yake yu hai." Akavuta pumzi. "Lakini kile kidonda kilikuwa kimeshaanza kuachia. Kidogo tu mngechelewa zaidi, ningekuja na maneno mengine. Nani aliwachelewesha?"

Shebe akainamisha kichwa, maana alijua nani alikata simu. Bi Hidaya angeweza kumwachia mzigo ule, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ni mimi, Sista," alisema. "Huyu nilimwita nikamficha ninachomwitia. Nilikiita mgeni, naye akafanya afanyavyo mtu kwa mgeni." Akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu Shebe, ukioa, mfundishe mkeo, na mwenyewe ujifunze: uchungu uite uchungu."

Shebe aliyachukua maneno hayo hadi nyumbani, akamwambia mama yake. Na mkishajua Bi Tausi alikuwa mtu wa namna gani, hamna haja ya kuuliza yalifikaje kila jiko la Chokaani. Kamba zilitolewa, barakoa zikavuliwa, methali ikabaki. Huambiwa mjamzito anayejificha, huambiwa mgonjwa anayejikaza, huambiwa pia yeyote anayeumia akazungukazunguka kwa maneno mazuri huku wenye msaada wakimfungia madirisha. Uchungu uite uchungu.