Pimbi na Mlima Uliotangazwa Kufa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na wa nyuma wasikie.

Hapo zamani za kale, Bi Nakiete, pimbi mjane, aliishi peke yake mlimani. Majirani walihama tangu mlima ulipotapika moto. Akawa anazungumza na mawe. Uzuri wa mawe, hayamkatizi mtu.

Siku moja wanyama wakapanda na mizigo yao, wakitafuta pa kuhamia. Mbele alikuwa Nyani, mwenyekiti wa kamati yao. Akasimama ukingoni mwa kasoko, lile shimo la kileleni.

“Hodi!” Kimya.

“Hodi!” Kimya.

“Hodi!” Kimya.

“Hodi tatu, hakuna jibu. Hapa hapana mwenyewe. Kamati inatangaza mlima umekufa. Jengeni humu humu!”

Wakajenga. Jioni ile Bi Nakiete aliombwa chumvi, akataniwa, akaitwa bibi. Mtoto wa Sungura akasinzia mapajani pake.

Asubuhi nyayo za Bi Nakiete zikahisi mwamba una joto. Akanyamaza. Kesho yake joto likazidi. Akanyamaza. Akisema, watahama, asiposema, wataungua. Siku ya tatu mwamba ukatetema. Akasema.

“Mwenyekiti, mlipiga hodi mdomoni. Mwenyewe yuko chumbani, chini kabisa, kwenye mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo magma. Yatapanda kooni, yatatokea hapa kasokoni. Yakimwagika nje, ndiyo lava. Mmejenga mdomoni mwake!”

“Bibi wewe, wautaka mlima peke yako!”

“Peke yangu? Nimekuwa peke yangu mpaka nimechoka, baba.”

“Basi kamati itakaa kulijadili.”

“Itakaa wapi?”

Ardhi ikanguruma. Kamati haikukaa, ilikimbia, na wengine wote nyuma yake. Lava ikateremka ubavuni, majivu yakafunika nyumba. Hakufa hata mmoja.

Wakahamia mbugani, kwenye nyasi tupu. “Kaa nasi, bibi,” watoto wa Sungura wakamsihi. Lakini pimbi pasipo mawe ni kitoweo cha tai, na tai alikwisha kuanza kuzunguka. Bi Nakiete akaenda kukaa kwenye majabali ya ng'ambo, peke yake. Kamati iliitisha kikao cha kumshukuru. Akidi haikutimia.

Jioni hukaa akiutazama mlima. “Kule chini ni chumba,” huuambia upepo. “Juu yake koo. Kileleni kasoko.”

Kisha hutega sikio, kama anayengoja mtoto aulize swali.

Nami hadithi yangu naiachia hapo.