Viatu vya Mzee Kitojo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmemeza uji wa moto? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mpo. Sogeeni basi. Na atakayekoroma atoke nje akakorome na mbuzi.

Zamani, wajukuu zangu, zamani zile mlima ulipokuwa karibu zaidi na mbingu, palikuwa na kijiji kimeninginia ubavuni mwa mlima. Nyumba ya juu ikimwaga maji, nyumba ya chini inalowa. Huko aliishi kijana jina lake Senkondo. Mrefu, mpole, mwepesi wa kusema "ndiyo". Mkewe aliitwa Nanzia, na Nanzia alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likawaka. Migomba ikakunja majani. Wanyama nao wakahama, wakapanda juu kabisa, kule kwenye baridi na mawe. Ndani ya nyumba ya Senkondo mtoto analia. Nyee! Nyee! Anavuta ziwa la mama, ziwa halina kitu.

"Mume wangu," akasema Nanzia, "mimi nahitaji mchuzi wa nyama. Si kesho ya mbali. Maziwa yanakauka."

"Ndiyo," akasema Senkondo.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mtoto wa kwanza wa mwindaji, siku anapopanda mlima mara ya kwanza, huvaa viatu vya baba yake. Asipovivaa, haendi. Asipokwenda, hapewi fungu la nyama. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeuliza.

Viatu vya baba yake Senkondo vilikuwa darini, juu ya moto. Viatu vya mlima hasa! Chini ngozi ya shingo ya nyati, juu ngozi ya pongo, vinapanda mpaka juu ya kifundo, vinafungwa kwa kamba za ngozi. Moshi umevifanya vyeusi kama masizi.

Na baba mwenyewe, Mzee Kitojo, alikuwapo. Anakaa kwenye kigoda mchana kutwa, miguu ameifunika kwa ngozi ya mbuzi. Alipanda mlima mara moja tu ujanani, akarudi amebebwa, vidole vya miguu vimekufa. Watu walisema, mlima ulimkataa. Yeye hakusema neno.

Senkondo akavishusha vile viatu. "Baba, nivae?"

"Vaa."

"Vinaonekana..."

"Nimesema vaa."

Akavaa. Vikaingia, kwa kusukuma. Akajiambia, ngozi imekauka tu, nitakwenda kwa Bibi Nakiete anipakie mafuta.

Bibi Nakiete ndiye aliyelainisha ngozi zote za kijiji kile na kushona viatu vyote. Mzee, mzee sana, meno mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya kucheka. Vijana wote aliwaita waume zake.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mume wangu. Leo umenikumbuka? Yule mke mwenzangu Nanzia amekufukuza?"

"Nimeleta viatu, Bibi. Vipake mafuta, mwezi ukikomaa tunapanda."

Bibi akavipokea. Akavinusa. Akaingiza mkono ndani, akautoa. Uso ukabadilika kidogo, ukarudi.

"Rudi jioni," akasema.

"Lakini niko hapa sasa."

"Sasa ni asubuhi. Mguu wa asubuhi ni mwongo. Rudi jioni, na kabla ya kurudi ulime."

Senkondo akashika kichwa. Mafuta na kulima, wapi na wapi? Lakini alikuwa mtu wa ndiyo. Akalima kutwa, jioni akarudi, miguu imevimba.

"Vaa," akasema Bibi.

Akaanza kuvaa.

"Ngoja! Utakwenda kwenye baridi na mguu mtupu? Zungushia gome kwanza." Akamtupia kitambaa cha gome la mti lililopondwa. Senkondo akazungushia, akausukuma mguu. Hhm! Akasukuma tena. Hhhm! Ukaingia, na machozi yakatoka.

"Vinakutosha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Vizuri. Sasa beba." Akamtwika kapu, na ndani ya kapu jiwe la kusagia. "Teremka mtoni."

"Bibi, mimi nitapanda mlima. Mbona nateremka?"

"Na hiyo nyama, mume wangu, itateremka yenyewe?"

Akateremka. Kwata, kwata, kwata! Kwata, kwata, kwata! Alipofika mtoni Bibi alikuwa ameshatangulia kwa njia ya mkato, ametandaza majivu juu ya ngozi kavu.

"Vua. Ukiwa na mzigo mgongoni, kanyaga majivu."

Akakanyaga.

"Nenda nyumbani."

"Na mafuta?"

"Mafuta gani?"

Senkondo akashika kichwa. Alikwenda nyumbani, akamwuliza kila mtu, na kila mtu akampa jibu lake. Jirani akasema, Bibi amezeeka, akili imeanza kutoka. Mama mkwe akasema, majivu ni dawa, usiyaoge. Baba yake mdogo, Mrutu, akasema hiyo ni dharau tu. Senkondo akamsikiliza huyu, akaona ni kweli. Akamsikiliza yule, akaona ni kweli. Akalala hajui lipi la kweli.

Kesho yake Bibi akamwita tena. Lima. Rudi jioni. Funga gome. Beba jiwe. Teremka. Kwata, kwata, kwata! Kanyaga majivu. Nenda nyumbani.

Na kesho yake tena.

Kijiji kikapata kichekesho. Baba mdogo Mrutu alikuwa na viatu vipya, vyembamba, vizuri, vimezungushiwa manyoya meupe ya mbega. Alijishonea mwenyewe, alisema mwanamume mwenye mikono hamsubiri bibi kizee. Akasimama njiani huku ananyoosha mguu watu wauone.

"Senkondo! Umeua wangapi huko mtoni leo?"

"Vyura wawili!" wakaitikia wenzake.

"Walete na sisi tuonje mchuzi!"

Kha kha kha!

Senkondo akapita tu na jiwe lake. Angejibu nini, naye hajui anachofanya? Anatembea, vidole vinawaka moto, na nyumbani mtoto, nyee! Nyee! Sauti imeanza kuwa ndogo. Hiyo ndiyo ilimtisha zaidi. Mtoto akilia kwa nguvu ana nguvu. Akilia kidogo...

"Bibi," akasema jioni ile, "niambie basi unataka nini."

"Nataka uteremke."

"Nimeshateremka!"

"Hujateremka bado. Miguu yako ndiyo inateremka. Wewe unasema ndiyo."

Mmelielewa neno hilo? Yeye pia hakulielewa.

Habari za kicheko zikafika kwenye kigoda cha Mzee Kitojo. Viatu vyake vinachekwa! Akainuka, mtu ambaye hakuwa akiinuka. Akachukua fimbo. Tak, buru. Tak, buru. Akajikokota mpaka mtoni, amekasirika vibaya.

"Nani anachezea viatu vyangu?"

"Karibu, Kitojo," akasema Bibi Nakiete. "Kaa hapo juu ya jiwe utazame. Ukitaka kunitukana, nitukane baadaye, siendi popote."

Akaketi, anahema. Senkondo akaanza kuteremka na mzigo wake. Kwata, kwata. Njia ilipokuwa kali akageuza miguu, akateremka kiubavu. Kwata... kwata... Akasaga meno. Akafika.

"Vinakutosha?" akauliza Bibi.

Senkondo akamtazama baba yake. "Ndiyo."

Maji tu yanapita.

"Anateremka kiubavu," akasema Mzee Kitojo.

Akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Hata mimi niliteremka kiubavu," akasema mzee, polepole, kama anayetoa mwiba. "Ili vidole visigonge mbele. Lakini vinagonga tu. Juu kule nilikuwa mzima. Wakati wa kushuka na nyama ndipo... Mlima haukunikataa. Vilinibana."

Senkondo akashika kichwa kwa mikono miwili. "Baba, si ni viatu vyako?"

"Vya baba yangu. Nami nilimwambia ndiyo."

"Ndivyo," akasema Bibi Nakiete. "Nilimshonea Mzee Sengasu, babu yako, nikiwa msichana. Alikuwa na mguu mdogo, mdogo kama wa paa. Akamvalisha Kitojo, na Kitojo kwangu hakupita. Nikasikia tu amebebwa." Akafuta pua kwa kiganja. "Safari hii nimesema, huyu atapita kwangu hata kama ni kwa kumdanganya na mafuta."

"Sasa afanyeje?" akauliza Mzee Kitojo. "Asipovivaa hawatamchukua."

"Una kisu?"

Mzee alikuwa na kisu.

"Basi wewe ndiye baba. Mimi hiyo kazi siwezi kukufanyia."

Mzee Kitojo akakishika kiatu kile cheusi. Akakigeuza, akakigeuza. Kisha akakata. Chwaa! Kuzunguka, kuzunguka, kama mtu anayemenya chungwa, ikatoka kamba ndefu ya ngozi. Akakata cha pili. Chwaa! Kamba ya pili.

"Viatu vyake vipya atavifunga kwa hizi," akasema. "Atakayesema mwanangu hakuvaa viatu vya baba yake aje aniambie mimi."

Bibi Nakiete akaenda nyumbani kwake, akarudi na viatu. Heee! Vibaya hivyo sijapata kusimulia. Vipana mbele kama bata. Tena havilingani! Cha kushoto kikubwa, cha kulia kidogo.

"Bibi," akasema Senkondo, "umekosea."

"Vaa."

"Hiki kimezidi."

"Ni mguu wako uliozidi, mume wangu. Nyayo zako kwenye majivu zimeniambia kila jioni. Vaa na gome lako. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole changu kinapita? Kinapita. Sasa rudisha kisigino nyuma, gonga chini, funga. Kaza hapa kwenye kifundo. Hapo mbele usikaze, acha vidole vipige soga. Beba jiwe. Panda mpaka juu, kisha teremka."

Akateremka. Pwata, pwata, pwata. Kisigino kimetulia. Vidole havigongi popote. Senkondo akasimama mtoni anatazama miguu yake kama miguu ya mtu mwingine.

"Vinakutosha?"

Akafungua mdomo aseme ndiyo. Akaufunga. Akafikiri.

"Cha kulia kinasugua kidogo, hapa nyuma."

Bibi Nakiete akapiga vigelegele. Lililililii! "Amesema! Kitojo, umemsikia? Mwanao amesema!" Akakaa chini palepale, akalainisha pale nyuma kwa mafuta na jiwe laini. Kumbe mafuta yalikuwapo. Akamwambia avivae kila siku shambani, ngozi izoee mguu, mpaka mwezi ukomae.

Mwezi ukakomaa. Wawindaji wakakusanyika. Mrutu akamtazama miguuni, akaangua kicheko. "Bata amekuja! Na viatu vya baba yako viko wapi?"

Sauti ikatoka nyuma. Tak, buru. Tak, buru. "Hizo kamba," akasema Mzee Kitojo. "Zisome vizuri, mdogo wangu."

Mrutu akainama, akazisoma.

Wakapanda. Baridi, mawe, ukungu. Ukungu wa kule humwoni hata anayekushika mkono. Wakapotea, wakakutana, wakapotea tena. Senkondo hakujua mashariki wala magharibi. Walichojua ni kupanda, wakapanda, wakawakuta pongo wamejibanza kwenye majani makavu. Mikuki ikatoka. Fyuu! Fyuu! Wakapata nyama, nzuri, nzito.

Kupanda, wote walipanda. Kushuka sasa.

Mrutu alianza kuteremka kiubavu. Kwata... kwata... Manyoya ya mbega yamelowa, yamelala kama panya aliyezama. Baadaye akaketi juu ya jiwe.

"Baba mdogo, inuka, ukungu unaingia."

"Nitakuja. Tangulieni."

Senkondo akaitazama ile miguu. Akapiga magoti, akamvua. Vidole vilikuwa vimeanza kubadilika rangi. Akavisugua mpaka Mrutu akapiga kelele, akamzungushia magome makavu na ngozi mbichi ya pongo. Akawapa wenzake mzigo wa nyama, yeye akambeba Mrutu mgongoni. Mzito kuliko jiwe la kusagia! Pwata, pwata, pwata. Hakuona njia. Macho hayakuona kitu. Lakini miguu ilikuwa imeshateremka na mzigo, jioni baada ya jioni, nayo ikajitafutia pa kukanyaga.

"Senkondo," akanong'ona Mrutu mgongoni.

"Naam, baba mdogo."

"Mtoni kule... ulikuwa unaniwinda mimi."

Wakafika. Chungu kikatokota, tuku tuku tuku. Nanzia akanywa mchuzi, akanywa tena, akalala. Kesho yake mtoto akavuta, akavuta, akanyamaza. Kisha akalia. Nyee! Kwa nguvu, mpaka majirani wakalalamika. Senkondo akacheka, akalia, hakujua lipi alikuwa analifanya.

Vidole vya Mrutu vilipona, vyote isipokuwa kimoja, na hicho alikuwa akiwaonyesha vijana.

Bibi Nakiete aliishi, akaishi, akafa akiwa na jino moja. Lakini mpaka leo katika kijiji kile, mtoto akikua wa kupanda mlima, hulima kwanza, huja jioni, hubeba jiwe, hukanyaga majivu. Na kamba za baba zinakatwa, zinafunga kiatu kipya. Siku moja binti yake Senkondo, yule wa nyee nyee, naye alimshika baba yake mkono: "Baba, kwa nini jioni? Kwa nini majivu? Kwa nini kuteremka?"

Senkondo akashika kichwa. Akafikiri sana.

"Hata mimi mengine sijui, mwanangu," akasema. "Kanyaga. Halafu ukiona kinabana, sema."

Basi wajukuu zangu, mheshimuni aliyewazaa, na mkipewa kitu chake kikawaumiza, mwambieni. Pengine na yeye kilimuumiza, anangoja tu mtu wa kumwuliza.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeingia kulala. Nanyi ingieni.