Ndovu na Mvule Wenye Matundu

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa na mti?

—Mti una matundu!

Matunduni mna nani?

—Tutajuaje? Sema wewe!

Basi, mlikuwa na Bi Perere, kinyama kidogo kisicho na mkia, na wanawe wawili wachanga. Walikaa katika tundu la mvule mkongwe. Juu yao nyuki, chini yao uyoga, na kwenye panda ya matawi maji ya mvua yametuama. Wapangaji tele, mwenye nyumba hakuna.

Ndovu, tamaa yake haina kipimo, akajitangaza bwana wa msitu. "Nataka miti mizima tu, iliyonyooka!" Akawa anagonga kila mti kwa pembe. Ukilia ko, ko, ko, anauacha. Ukilia bu, bu, bu, una tundu: anauangusha. Puu! Upande wa pili wa kilima alikuwa keshamaliza. Kuko safi kweli, na ndege hata mmoja halii.

Siku hiyo akafika kwenye mvule. Bu, bu, bu!

Moyo wa Bi Perere ukaruka. Wanawe atawapeleka wapi? Ng'ambo ya kilima hakuna tundu hata la mjusi. Akatoa kichwa.

"Shikamoo, babu. Mbona hupigi hodi?"

"Marahaba. Hodi kwenye mti wangu?"

"Haya, ni wako. Na asali iliyomo? Ukiuangusha, yote itamwagika."

Ndovu akameza mate. "Iko wapi?"

"Tundu la juu. Ila uwaachie na wenzio, babu."

"Yote yangu!" Akatia mkonga wote.

Vuuuum!

Ndovu akatimka mpaka kwenye msitu wake safi. Akatafuta maji, hakuna. Akatafuta tope, hakuna. Akarudi analia, pua imevimba kama boga.

"Mjukuu wangu, niokoe!"

"Nyuki wametulia, na maji yapo kwenye panda. Lakini ukichovya pua, mvule huu na wazee wenzake hawaguswi tena."

"Naapa!"

"Na hodi?"

"Hodi!"

"Karibu, babu."

Bi Perere akarudi kwa wanawe, akashusha pumzi ndefu, akalala kwa furaha. Mpaka leo Ndovu akipita pale hupiga hodi, tena kwa adabu.

Hadithi yangu nimeitia tunduni. Anayeitaka apige hodi. Na funzo, wanangu, ni hili: mkubwa akitaka kitu chako, usimnyime. Mwonyeshe na asali ilipo.